Pakiti Zilizokwama Matema

Funguo za chumba cha mitambo nimerudisha, mkanda wa kupandia mnara nimerudisha, na ile mita ya kupimia umeme nimekataa kuirudisha kwa sababu niliinunua mwenyewe. Sasa nipo nyumbani, Kyela mjini, nyuma ya duka lililokuwa la marehemu baba, nasikiliza mvua. Nyinyi mliobaki kazini mmenisumbua niandike jinsi tulivyoanza. Haya, nimekaa. Habari za vyeo na mishahara mtanisamehe. Vyeo vilikuwa vingi kuliko viti, na mishahara kila mtu anajua ilivyokuwa. Nitaandika juu ya vichwa vya nyongeza, ambavyo nyinyi mnavikuta vitabuni vimeshapangwa, mnavikariri, mnafanya mtihani, mnasahau. Sisi tuligombana kwa ajili ya vichwa hivyo, na kuna mtu nusura apoteze kazi.

Ilikuwa miaka ya tisini, wakati wa ruksa, biashara ilipofunguliwa milango. Mashirika ya umma yalikuwa yanapunguza watu, maduka yakajaa sabuni na betri kutoka ng'ambo ya mpaka wa Kasumulu, na kompyuta zilizochoka Ulaya zikaanza kuja kupumzika kwetu. Mimi Zuhura nilikuwa nimetoka chuo Dar es Salaam. Wazee wangu walikuja huku na vitambaa kutoka pwani, wakanogewa na wali wa Kyela, hawakuondoka tena. Kwa hiyo nilipoajiriwa na mradi wa kuunganisha zahanati za mwambao wa ziwa kwa redio, nilikuwa mtu wa mjini anayerudi kwao, na Kinyakyusa nilikuwa nacho tangu uwanja wa shule.

Mkuu wetu alikuwa Injinia Deo, mtu wa Bukoba, mrefu, mpole, aliyemwogopa mbasa, samaki wetu wa ziwani, kwa sababu ya miiba. Siku yangu ya kwanza hakunipa bisibisi. Alinikalisha mbele ya redio asubuhi nzima niisikilize tu, nisiguse kitufe. Nilijiona ninaonewa. Mchana akaniuliza nimesikia nini, nikasema kelele. Akasema kesho nitasikia tena. Baada ya wiki mbili hivi nilikuwa naweza kutofautisha radi ya milimani na waya uliolegea, na sikumwambia kwamba alikuwa sahihi, maana alikuwa anajua.

Jambo la pili alilonifundisha ni kuandika kiwango, yaani kanuni ambazo kila kituo kitafuata. Deo alikuwa na maneno matatu: lazima, inafaa, na hiari. Anayesoma kiwango, alikuwa akisema, hutamjua na hatakuuliza, kwa hiyo chagua neno lako vizuri. Tuliweza kumaliza mchana mzima tunabishana kama kitu fulani ni lazima au kinafaa tu, chai inapoa, mafundi wengine wanatucheka. "Lazima" aliiandika kwa kalamu nyekundu, na hakuigawa ovyo.

Kwa yule ambaye si wa kazi yetu nieleze kidogo. Ujumbe unaokwenda kwenye mtandao hukatwa vipande, na kila kipande ni pakiti. Mbele ya pakiti kuna kichwa: inatoka wapi, inakwenda wapi. Kichwa hicho kinafanywa kifupi makusudi. Ukiwa na mambo mengine ya kusema kuhusu safari, unayaweka kwenye vichwa vya nyongeza vinavyofuata, na kila kimoja kinataja kinachokuja nyuma yake, mpaka unafika kwenye maneno yenyewe. Wakati huo wakubwa wa dunia walikuwa wanabishana juu ya toleo jipya la itifaki ya intaneti, yaani kanuni ambazo mashine hutumia kuzungumza. Rasimu zao zilitufikia kwa karatasi, kupitia rafiki wa Deo wa chuo kikuu, zikiwa na madoa ya chai. Sisi tulikuwa tunaandika kiwango chetu kidogo cha ziwani, na tuliazima mawazo yao kila yalipotufaa.

Vituo vya kukumbuka katika habari hii ni vitatu. Kyela, kilikokuwa kituo kikuu. Matema, ufukweni. Na Ikombe, kijiji cha wafinyanzi kilichobanwa kati ya milima na maji, ambako bila mtumbwi hufiki. Mlima unaziba kabisa. Redio ya Kyela haioni Ikombe hata ukiisimamisha juu ya paa. Kila ujumbe wa Ikombe ilibidi utue Matema kwanza, ndipo urushwe mbele.

Kichwa cha nyongeza tulichojivunia tulikiita kichwa cha makabidhiano. Ndani yake tuliweka jina la mpokeaji, na kila kituo njiani lazima kilisome. Kituo cha mwisho kabla ya kufika kilitakiwa kumwita mpokeaji kwa jina lake kwenye simu ya upepo, kisikie sauti yake mwenyewe ikiitikia, ndipo kiachie pakiti. Tulikuwa na sababu nzuri. Zahanati zilitumia sola na betri za gari, kwa hiyo redio peke yake ilibaki wazi, na mashine zilizimwa mpaka mpokeaji aitwe aje kuziwasha. Isitoshe, kabla ya hapo, ujumbe wa dawa uliwahi kupokewa na bwana mmoja aliyekuja kuchaji betri yake zahanati. Akaitikia "sawa sawa", akachukua betri yake, akaenda zake.

Matema tulikuwa na Tumpe. Alikuwa binti wa wakulima wa kakao wa Bujonde, ameolewa na mvuvi, na katika waendesha mitambo wote niliowahi kufanya nao kazi sijapata mwingine kama yeye. Mashine yake aliifunika kwa kitambaa alichokishona mwenyewe. Alikuwa anajua mvua inakuja kwa jinsi redio inavyokoroma, akawahi kumaliza ujumbe wa haraka kabla haijafika. Kwa mwaka mzima na zaidi kituo cha Matema hakikutupa hata sababu ya kukitembelea.

Halafu ujumbe wa Ikombe ukaanza kuchelewa. Wa vituo vingine uliopita Matema ulifika vizuri, ila wa Ikombe ulilala njiani, wakati mwingine siku nzima. Tukafanya yanayofanywa. Tukabadilisha antena ya Matema, tukabadilisha waya, nikapanda mnara nikakaza kila nati huku upepo wa mwera ukinipiga kanga usoni. Nikapima kila nilichoweza kupima. Kila kitu kilikuwa kizima. Tumpe alituletea ndizi mbivu, akashika ngazi nilipopanda, na alipoulizwa alisema mawimbi ya upande ule ni mazito. Nilimwamini, maana alikuwa hajawahi kunidanganya.

Ndipo ikaja habari ya chanjo. Chanjo ya surua ilifika Matema kwa gari asubuhi, ikiwa kwenye kasha lenye barafu, na ujumbe wa kuwaambia Ikombe walete mtumbwi tulikuwa tumeshautuma. Mtumbwi ulikuja kesho yake. Barafu ilikuwa maji. Chanjo ikamwagwa, na kina mama wa Ikombe waliokuwa wameshushwa kutoka mashambani na watoto mgongoni wakaambiwa warudi nyumbani. Surua wakati ule ilikuwa inaua, si ugonjwa wa kusimulia tu. Deo hakupaza sauti, hakuwa na kawaida hiyo. Alisema ujumbe ukikwama Matema mara nyingine, Tumpe ataondoka na atatafutwa mtu mwingine. Akaipokea pia taarifa ya tabibu wa Ikombe, Mzee Anyimike, aliyekuwa amehamishiwa kule miezi michache nyuma. Mzee alisema kosa ni la kwake, betri yake imekufa.

Nikapewa betri mpya niipeleke. Kutoka Matema nilipanda mtumbwi wa kina mama wa Ikombe waliokuwa wanarudi kutoka kuuza vyungu, na walinitania njia nzima kwa jinsi nilivyoishika betri kama mtoto mchanga. Mmoja wao, Mama Sekela, akasema leo wamebadilishiwa mzigo. Siku zote wanabeba maneno ya Tumpe kumpelekea daktari, leo wamebeba fundi. Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, nikauliza maneno gani. Wakasema maneno ya kazi tu, kwamba kuna dawa inakuja, kuna mgonjwa wa kupelekwa. Tumpe huwaambia wao, nao wakifika humwambia mzee, ambaye huwa anawasubiri mchangani.

Na kweli alikuwepo, amesimama karibu na maji, shati jeupe limepigwa pasi. Tukasalimiana. "Mwagonile," nikamwambia, akanijibu kwa kirefu, akauliza habari za nyumbani, za mvua, za mpunga, kama inavyotakiwa. Tulipofika zahanati nikaweka mita kwenye betri yake. Sindano ikapanda mpaka juu.

"Betri yako ni nzima, mzee," nikasema.

"Ni nzima," akakubali.

Akanivutia kiti. Akasema, bila kuniangalia, "Aliyeko Matema ni mkamwana wangu. Mke wa mwanangu wa pili. Jina langu haliwezi kutoka mdomoni mwake, na sauti yangu haitakiwi imfikie. Wewe umekulia hapa, sihitaji kukueleza."

Hakuhitaji. Nani aliyekulia Kyela hajaona mwanamke akiacha njia na kuingia kwenye migomba, eti kwa sababu baba mkwe wake anatokea mbele? Tangu utoto nimeona. Ila redio niliihesabu kuwa chuma, haikunijia kabisa kwamba mtu anaweza kukutana na mkwe wake ndani yake. Kichwa chetu cha makabidhiano kilikuwa kinamlazimisha Tumpe amwite baba mkwe wake kwa jina, mbele ya mwambao mzima unaosikiliza, na kisha angoje aitikiwe.

Nikamuuliza mbona hakutuambia.

"Ningesema nini?" akasema. "Nimshitaki mtoto kwa sababu ameniheshimu?"

Nilikaa pale nikaona aibu kwa ajili ya kazi yetu nzuri. Hawa wawili walikuwa wanalindana bila kuonana: Tumpe akipeleka maneno kwa wafinyanzi, mzee akisimama juani kuwapokea, na chanjo ilipoharibika kila mmoja akajitwika lawama. Mtumbwi wa vyungu una saa zake, na siku ya chanjo soko lilichelewa, maneno nayo yakachelewa. Basi.

Nikarudi Matema, nikamwambia Tumpe kwamba nimeelewa. Aliendelea kufuta mashine ambayo haikuwa na vumbi. Hakuomba ahurumiwe. Aliomba tu jina la mzee lisipigwe danadana kwenye vikao. "Dada Zuhura," akasema, "nikifukuzwa, watu watasema yeye ndiye aliyenifukuzisha. Atakaaje na hilo?"

Kikaoni Kyela Deo alinisikiliza mpaka mwisho. Hakudharau mila za watu, yeye mwenyewe alikuwa na za kwao. Lakini alisema mtandao unaosubiri wakwe wapatane hautapeleka chanjo, na kwamba kumpata mwanamume wa kukaa Matema si kazi ngumu. Akaongeza kwamba kiwango kimesema lazima.

Nikamwambia lazima yetu tumeiweka pasipo pake. Matema inahitaji kujua nini? Kituo kinachofuata, uharaka wa ujumbe, na kuiamsha mashine ya mbele. Jina la mtu ni shauri la Ikombe. Nikamfungulia ile rasimu yenye madoa ya chai, ukurasa ambao sote tulikuwa tumeusoma tukauona ni mapambo: wenzetu walikuwa wametenganisha kichwa kinachosomwa na kila kituo njiani na kichwa kinachofunguliwa na mwisho wa safari peke yake. Sisi kwa ubahili wa baiti, yaani wa nafasi ndani ya pakiti, tulikuwa tumevifanya kimoja.

Deo akasoma taratibu, akaanza maswali, na maswali yake yalikuwa ya haki. Nani atathibitisha kwamba aliyepokea ni mwenyewe? Tukakubaliana mpokeaji aandike neno lake la siri hapo hapo Ikombe. Mashine itaamshwaje bila sauti? Nikasema kwa mlio: Tumpe abonyeze namba ya kituo, redio ipige mlio, na kidude nitakachokichomelea mwenyewe kiwashe mashine na kugonga kengele. Kubwa lililotupotezea muda ni hili: kituo kikikuta kichwa ambacho si cha kwake, kifanye nini? Deo alitaka kikitupe, kwa kuogopa takataka. Mimi nilitaka kikipitishe kama kilivyo. Tulibishana siku kadhaa, mpaka mke wake akatuletea chakula ofisini akidhani tumegombana kweli. Mwishowe Deo akachukua kalamu nyekundu akaandika kwamba kituo cha kati lazima kipitishe kichwa cha mwisho wa safari bila kukifungua. Ila akasema tutakijaribu kwa chanjo inayofuata. Kikishindwa, kanuni ya zamani inarudi na Tumpe anaondoka.

Kulikuwa na idhini moja ambayo Deo hakuweza kuitoa. Tumpe alisema hawezi kubonyeza kitu mpaka mama mkwe wake aseme ni sawa. Kwa hiyo nikaenda Ngonga, nyumbani kwa mzee, nikamkuta mama huyo kwenye mpunga, maji yamefika magotini, nikavua viatu nikaingia. Nadhani ndiye mtu pekee niliyewahi kumweleza vichwa vya nyongeza huku ruba akinipanda mguuni. Alinisikiliza akiendelea kupalilia. Aliuliza swali moja.

"Hiyo namba anayobonyeza ni ya mume wangu, au ni ya nyumba?"

Nikafikiri vizuri kabla ya kujibu. Nikasema ni ya nyumba. Akihama mzee, namba inabaki pale pale, inamwitikia atakayekuja.

"Basi anaita nyumba," akasema. "Nyumba anaweza kuiita. Na kengele si sauti ya mtu." Kisha akanionyesha pale nilipokanyaga miche.

Nimehudhuria mikutano mingi ya viwango baada ya hapo, mingine kwenye hoteli zenye zulia. Sijaulizwa swali zuri kuliko lile.

Chanjo ilikuja mwanzoni mwa mvua kubwa, wakati mbaya kuliko wote. Kasha lilikuwa Matema. Mimi na Deo tulikuwa Kyela, mbele ya mashine, mabati yakipigwa mpaka tukawa tunaongea kwa ishara. Nikatuma. Taa ndogo ya modemu ikawaka: Matema imepokea. Ikazima. Baada ya hapo hatukuwa na la kufanya. Nilijua Tumpe amekaa mbele ya namba ile, na kwamba akikosea, au kidude changu kikikataa kuamka, au mlima ukimeza mlio, kesho atakuwa anakunja kitambaa chake. Deo alikuwa akizungusha kalamu mezani. Nilimchukia kidogo, na yeye, nafikiri, alijichukia kidogo pia.

Taa ikawaka tena. Pakiti ilikuwa inarudi kutoka Ikombe, imepita Matema, na kichwa chake cha mwisho kilikuwa cha Kyela, hakijaguswa. Nikafungua. Deo akainama juu ya bega langu, tukasoma pamoja:

"Mtumbwi umeondoka kufuata kasha. Kina mama wapo hapa, wanangoja. Mwambieni aliyeko Matema kwamba baba anashukuru."

Deo akajinyoosha. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba kiwango kimepita, na kwamba habari ya kubadilisha mtu Matema imefungwa. Kisha akasogeza simu ya upepo mbele yangu, akatoka nje akasimama barazani.

Nikamwita Matema. Tumpe akaitika mara moja. Nikamwambia kazi ni yake. Nikamsomea na maneno ya Ikombe, polepole, kwa sababu ya mvua.

"Maneno hayo yamepita hapa kwangu?" akauliza.

"Yamepita mikononi mwako. Hukutakiwa kuyaona."

Akaniomba nirudie yale ya mwisho. Nikarudia.

"Ndaga fijo," akashukuru, na sauti yake haikuwa ile ya kazini. "Dada, mwambie kwamba mtoto amesikia."

Nikayaandika hivyo hivyo, nikayaweka ndani ya kichwa kinachofunguliwa Ikombe tu, nikatuma. Taa ya Matema ikawaka, ikazima, na maneno ya Tumpe yakapita mbele ya Tumpe.